Krismasi Ambayo Ng'ombe Alitembea

Rafiki yangu, hebu niambie ukweli: umewahi kusimama katikati ya soko, mtu mzima mwenye wajukuu, ukalia kwa sababu ya manyoya ya kuku? Mimi nimewahi, na ni mwaka jana tu. Wala sisemi machozi mawili ya kistaarabu yanayofutwa kwa ncha ya kitenge. Nililia mpaka mchinja kuku akaweka kisu chini akaniuliza, "Mama, kuna msiba?"

Chanzo ni barua. Mjukuu wangu, ninayekaa naye hapa Shirimatunda, anasoma shule ya Kiingereza, na mwishoni mwa mwezi wa kumi alirudi na karatasi inayosema Ijumaa kila mtoto aje amevaa vazi la kuigiza, kwa ajili ya Halowini. Mimi kidato cha nne nilimaliza kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wameshazaa wanafunzi wa kidato cha nne, kwa hiyo barua ya Kiingereza hainitishi. Niliisoma mara tatu nikaielewa yote, isipokuwa hilo neno moja.

"Bibi, ni siku ya kuvaa kama mizimu," mjukuu akanifafanulia. "Halafu mizimu inapewa pipi."

Nikamwambia kwetu Kibosho mzimu haujawahi kuomba pipi, ulikuwa unamwagiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na ukitosheka unanyamaza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikumbusha kwamba mavazi yanauzwa mjini, na kwamba wenzake wameshanunuliwa.

Basi nikaenda mjini. Vazi nililoonyeshwa lilikuwa la plastiki, limechorwa mifupa, linanuka kama ndoo mpya. Nikalirudisha, nikapita kwa nyuma ya soko, pale wanaponyonyoa kuku wa kisasa. Na hapo ndipo nilipoliona gunia. Gunia zima, limefura, la manyoya meupe peke yake. Nilisimama kama niliyepigiliwa misumari miguuni.

"Haya mnayapeleka wapi?"

"Tunatupa, mama. Unayataka? Chukua bure, utakuwa umetupunguzia kazi."

Tunatupa! Hapo ndipo nilipolia. Ngoja nikueleze, maana jambo hili sijawahi kumweleza mtu.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yake mama, kule juu Kibosho. Mama alifanya kazi ya jikoni kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na alipanda kutuona mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi. Krismasi ya kwetu unaijua. Kila aliyetoka mlimani hurudi mlimani. Watu walishuka kwenye magari kutoka Dar, Arusha, Nairobi, mpaka ukadhani dunia nzima imebaki tupu na watu wote wamebanana kwenye migomba yetu. Na baada ya misa ya asubuhi, uwanjani mbele ya kanisa la kigango, sisi watoto tuliigiza kuzaliwa kwa Mtoto Yesu.

Mavazi yote ya igizo lile yalitoka mikononi mwa bibi yangu. Cherehani hakuwa nayo. Alikuwa na sindano moja ya kushonea magunia, ndefu kama mkuki, na nyuzi alizozifumua kwenye hayo hayo magunia. "Vazi halinunuliwi," alikuwa akisema, "vazi linaokotwa." Na kweli aliokota. Kuanzia kahawa ya kwanza inapochumwa, bibi alitembea macho yakiwa chini kama mtu aliyeangusha pete.

Nikiwa na miaka sita nilikuwa kondoo. Bibi alichukua gunia la kahawa, akalitoboa mashimo ya mikono, akalibandika sufi ambayo mama alimletea kutoka tambarare imejazwa kwenye foronya. Sufi ile iliniingia puani. Nilipiga chafya mfululizo tangu malaika anatokea mpaka wafalme wanaondoka, na mpaka leo naapa kwamba chafya ya mwisho ilisikika Masama. Watu walisema hawajawahi kuona kondoo mwenye mafua makali kiasi kile.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo nikawa mchungaji. Koti langu lilikuwa la majani makavu ya mgomba, yamesukwa tabaka kwa tabaka kama paa la nyumba, na kila nikipiga hatua lilisema *chakacha, chakacha*. Ndevu zilikuwa nyuzi za shina la mgomba. Nilipendeza kupita wachungaji wote wa Bethlehemu. Bahati mbaya siku hiyo igizo lilikuwa na mbuzi wa kweli, wa katekista, na mbuzi yule aliona chakula. Nilipopiga magoti mbele ya hori, yeye alikuja nyuma yangu akaanza kula, taratibu, bila haraka, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikafika nyumbani na koti lisilo na nyuma. Bibi alicheka kuliko wote, huku akinifunika kwa khanga yake. Mkumbuke mbuzi huyo, rafiki yangu, tutamhitaji.

Nikawa askari wa Herode mwenye kofia ya debe la mafuta ya kupikia, nisiyesikia amri yoyote ya Herode. Nikawa nyota, nimevaa bati. Kila Krismasi tulinuka moshi wa jikoni, kwa sababu mavazi yalikaushwa darini juu ya mafiga, pamoja na ndizi za kuivisha, na mtu angeweza kufumba macho akawajua watoto wa igizo kwa harufu tu. Hatukujali. Au niseme mimi sikujali, mpaka nilipofika miaka kumi na miwili.

Mwaka huo nilipewa nafasi ambayo niliiota tangu nikiwa kondoo: malaika Gabrieli, anayesema. Kondoo hasemi, nyota haisemi, lakini Gabrieli anasimama juu ya kiti na kila mtu anamtazama. Bibi alipopata habari hizo mwezi wa pili, alianza siku hiyo hiyo kutafuta manyoya meupe.

Sasa, wewe wa leo unaweza kudhani ni kazi rahisi. Kuku wetu walikuwa wekundu, weusi, wa madoadoa, wa kila rangi isipokuwa hiyo, kwa sababu kifaranga mweupe mwewe humwona kutoka mbali. Kijiji kizima labda kilikuwa na majogoo weupe watatu, na wote walijulikana kama watu wenye vyeo. Bibi alizunguka. Palipokuwa na ubatizo, alikuwepo. Mgonjwa akichinjiwa kuku mweupe, bibi alikwenda kumpa pole na akarudi na manyoya kwenye pindo la khanga. Alikwenda mpaka Uru kwa miguu kwa ajili ya jogoo mmoja, akarudi na manyoya kumi na moja, akayapanga mezani kama mtu anayepanga vikombe vya wageni. Mwaka mzima, rafiki yangu. Aliyaosha kwa maji ya majivu, akayashona moja moja kwenye maganda ya mgomba yaliyofungwa kwenye fito. Yalitoka mabawa mawili ambayo, mimi nakwambia, kama angenivalisha siku ya upepo wangeniokota Kenya.

Ikabaki kanzu. Jioni moja bibi alifungua sanduku lake la bati akatoa shuka nyeupe iliyokunjwa vizuri, inanuka vidonge vya kufukuzia mende. Sikuwahi kuiona ikitandikwa.

"Bibi, hii ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa nimeiweka ya safari."

"Unasafiri kwenda wapi?"

"Siyo leo," akasema, na akanipima kwa kamba yenye mafundo, mabegani, kiunoni, miguuni. Kisha akachukua mkasi wa kupogolea kahawa, kwa kuwa ndio pekee uliokuwepo, akaikata.

Wiki moja kabla ya sikukuu wakafika watu wa Dar. Kwa jirani yetu wa upande wa mferejini alikuja mjukuu wake wa kike, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mtoto wa mjini wa kweli, anayevaa viatu hata ndani ya nyumba. Nikampeleka kwa majivuno kuona mabawa yangu, yametundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Akayazunguka. Akayanusa.

"We malaika au kuku wa sikukuu?"

"Malaika Gabrieli."

"Malaika gani ananuka jiko? Mama yako akija si atatafuta pilipili na ndimu!"

Kisha, kwa huruma, na ninaamini kabisa ilikuwa huruma, akanionyesha gauni lake la komunyo ya kwanza. Lina lesi. Lina mikono ya puto. Linang'aa hata kivulini. "Mimi halinitoshi tena. Nakuazima. Lakini hao kuku uwaache kwenu."

Nilichokitaka mimi ni kitu kimoja tu. Mama alikuwa anapanda asubuhi ya Krismasi, anakaa siku tatu, anashuka. Siku tatu katika miezi minane. Nilitaka katika siku hizo anione ninang'aa, aone kwamba mtoto aliyemwacha mlimani ni mtoto wa kutamaniwa, pengine ashuke naye. Niliona kabisa jinsi gauni lile lingemfanya anitazame. Mabawa ya bibi niliyaona yakimfanya acheke, kama alivyocheka mwaka wa mbuzi.

Asubuhi ya Krismasi bibi alitangulia kanisani kuwavisha kondoo wadogo. "Wewe utakuja na vazi lako," akaniambia, "usiliburuze." Nilipobaki peke yangu nilitoa kanzu na mabawa msumarini, nikavipeleka bandani, nikavitia kwenye hori la ng'ombe juu ya majani mabichi. Halafu nikakimbia kwa jirani kuvaa gauni.

Bibi aliponiona uwanjani alinitazama kuanzia lesi mpaka chini.

"Bibi, ng'ombe amekula mabawa," nikasema. Uongo huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima. "Na kanzu pia. Kama yule mbuzi."

Bibi akaona mkanda wa gauni unaning'inia.

"Simama wima," akasema, "nikufunge mkanda."

Akanifunga. Fundo zuri, lisilobana.

Niliigiza vizuri. Nilipanda kitini nikamwambia Maria asiogope kwa sauti ambayo hata waliokuwa Nairobi na hawakupata usafiri waliisikia. Na mama, aliyekuwa amefika na vumbi la barabara usoni, alinikumbatia akasema, "Jamani, umekuwa kama mtoto wa mjini!" Maneno hayo ndiyo niliyoyasubiri mwaka mzima, na yalikuwa matamu kutoka uwanja wa kanisa mpaka kwenye mfereji. Nilipovuka mfereji nikaanza kuliona banda letu.

Sasa nikueleze kosa la uongo wangu, maana mtu wa nchi nyingine hawezi kulitambua. Mbuzi hutembea. Ng'ombe wa kwetu hatembei. Anazaliwa bandani, analetewa majani na vipande vya migomba bandani, anakamuliwa bandani, na siku anayotoka ndiyo siku ya kuchinjwa. Msumari wa mabawa ulikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa chumba, upande wa pili wa ua. Mtoto wa miaka mitano wa Kibosho angenicheka.

Bibi alikwenda kumpa ng'ombe majani, akarudi na kanzu mkononi. Imekanyagwa, imejaa kinyesi, imechanika kifuani. Mabawa yalibaki fito na manyoya machache yaliyogandamana. Nyumba ilikuwa imejaa watu, mtori uko mezani, na mjomba, anayependa mzaha kuliko nyama, akaona.

"Mama, hiyo si ilikuwa nyuma ya mlango? Ng'ombe ametokaje bandani?"

Mimi nikaacha kutafuna. Bibi hakunitazama.

"Ametembea," akasema. "Krismasi si kila mtu anatembea? Na yeye ametembea."

Watu wakacheka, mjomba akacheka, mama akacheka. Mimi na bibi peke yetu ndio hatukucheka.

Bibi aliifua kanzu mara tatu. Doa la kinyesi cha ng'ombe aliyekula mgomba halitoki kwa sabuni ya dunia hii. Mwishowe akaikata vitambaa vya kuchujia maziwa, akakitundika kimoja jikoni kwenye msumari. Mama akashuka peke yake, kama kawaida. Siku chache baadaye tulikuwa tunapalilia, mimi na bibi, karibu na mpaka, pale masale yalipoota. Unayajua masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani na makaburini. Kwetu ukimkosea mtu unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Akilipokea yamekwisha, na hakuna anayekataa kulipokea, hata awe na hasira ya kubomoa nyumba.

Bibi akanyoosha mgongo, akayatazama. "Sale liko hapo," akasema, kama anazungumza na jembe. "Halina mlango wala kufuli."

Nilielewa. Usiniambie nilikuwa mtoto, nilielewa vizuri sana. Nikasema moyoni, kesho. Kesho yake mvua ikanyesha. Kesho yake nyingine shule ikafunguliwa. Kila asubuhi nilikunywa maziwa yaliyochujwa kwa kanzu yangu ya malaika, na kila asubuhi nikasema kesho, na bibi hakulitaja tena.

Masika yalipoanza akaugua kifua, na kabla mvua hazijaisha akafa.

Mama akapanda. Akina mama wakaja kumwosha. Nilikuwa nimesimama mlangoni mama alipofungua sanduku la bati, akatoa khanga mbili, rozari, blanketi, kisha akabaki anapapasa chini kama kipofu.

"Shuka ya mama iko wapi? Shuka yake nyeupe ya kuzikiwa. Mwenyewe alinionyesha, kainunua kwa pesa yake ya kahawa. Alisema asizikwe na shuka ya mtu."

Wakatafuta darini, chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo. Mama akapita jikoni mara nne, na kila mara bega lake liligusa kitambaa cha maziwa kilichotundikwa kwenye msumari. Ya safari. Siyo leo. Mimi nikakitazama kile kitambaa, na mdomo wangu, ule uliosikika mpaka Nairobi, haukufunguka.

Jirani wa upande wa mferejini akakimbia kwake akarudi na shuka ya maua mekundu, ya waridi, safi kabisa, imepigwa pasi. Ndiyo tuliyomzikia bibi. Nyumba ile ile iliyoniazima gauni ndiyo iliyomwazima yeye shuka.

Ndiyo maana nililia mbele ya gunia, rafiki yangu. Siku hizi kuku wote ni weupe. Bibi angewavisha malaika wa jeshi zima la mbinguni kwa asubuhi moja, na kungebaki ya kujazia mto.

Nililibeba gunia. Jumapili nikapanda Kibosho kutafuta maganda ya mgomba. Kihamba, shamba letu la ukoo, kimegawanywa mara nne. Palipokuwa banda, mtoto wa mjomba anaegesha pikipiki, na maziwa wananunua ya pakiti. Igizo bado lipo, wameniambia, lakini mavazi yanakodiwa mjini, yanakuja kwenye mifuko na kurudi kwenye mifuko, na hakuna mtoto anayenuka moshi wala mbuzi anayekaribishwa. Nilitafuta harufu ile darini, dari haipo. Kilichobaki vile vile ni masale yanayozunguka kaburi la bibi. Hayo hayajapunguzwa hata jani.

Nikakata moja, nikalifunga fundo, nikapiga magoti. Na hapo nikakumbuka kwamba sale haliwekwi chini. Sale linapokelewa mkononi. Nilibaki nimelishika hivyo, mkono umenyooka, muda mrefu kiasi kwamba mtoto wa mjomba aliniletea kiti akidhani miguu imekufa ganzi. "Dada, mpaka lini?" akaniuliza. Mwishowe nikaliweka juu ya udongo, kwa sababu mkono ulichoka.

Alhamisi nilimaliza mabawa. Vidole vyangu vimetobolewa na sindano mpaka naweza kuvuja kama chujio, lakini mabawa ni mabawa. Kanzu nimeishona kwa shuka nyeupe mpya. Ijumaa asubuhi nikamvisha mjukuu kanzu, nikamwonyesha mabawa; akayatazama, akayazunguka, akayanusa, na mimi nikasubiri hukumu nikiwa nimeshika ukuta.

"Bibi, na wewe ulikuwa nayo kama haya?"

"Nilikuwa nayo."

"Uliyavaa ukapendeza?"

Nje, mtoto wa jirani alikuwa ameshavaa mifupa yake ya plastiki na anamwita. Mjukuu akayavaa mabawa, akageuka kwenda, mkanda wa kanzu ukawa unaning'inia nyuma, unaburuzika sakafuni.

"Simama wima," nikamwambia, "nikufunge mkanda."